Shafti imekatika kando ya weldi: hadubini itaona nini ndani ya chuma?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina boti ya uvuvi yenye injini ya ndani, inalala Msanga Mkuu, Mtwara. Shafti ya propela ilikuwa imelika pale inapopita kwenye glandi, kile kizibo kinachozuia maji yasiingie botini. Fundi wa mjini akaijaza kwa weldi, akaikereza, ikawa inang'aa kama mpya. Haikumaliza msimu. Kusi likiwa limekaza ilikatika, ukingoni kabisa mwa ile sehemu iliyojazwa. Fundi anasema chuma kilikuwa feki tangu dukani. Muuzaji anasema aliniuzia EN8 halali, chuma cha kaboni ya wastani, na kwamba fundi ndiye aliyekiunguza. Nasikia zipo maabara zinazokata chuma na kukitazama kwa hadubini. Wanaona nini humo ndani? Wanaweza kuniambia nani mkosaji kati ya hawa wawili? Na vipande hivi nilivyobaki navyo nivipeleke vipi?

Jibu: Marahaba. Pole sana. Boti kukosa propela kusi likivuma si hasara ya fedha peke yake, na nimefurahi kwamba umebaki wa kuuliza.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye haraka. Vipande hivyo viwili usivikutanishe. Najua mkono unawasha kuvipachika uone kama vinaingiana, na karibu kila mtu aliyevunjikiwa na chuma hufanya hivyo. Nyuso mbili zikigusana zinasuguana, na zikisuguana zinafuta alama ambazo ndizo ushahidi wenyewe. Mwagia kila kipande maji baridi ya bomba au ya kisima, yasiyo na chumvi, taratibu, bila kusugua. Usiguse pale palipokatika kwa brashi ya waya, wala msasa, wala ndimu, wala maji ya betri, hata kama kutu imeshaanza kuonekana. Kausha kwa feni. Piga picha kadhaa mchana, rula ikiwa pembeni, kisha paka mafuta mepesi ya mashine, na funga kila kipande peke yake kwa plastiki na kitambaa. Chumvi ya bahari iliyobaki kwenye chuma haipumziki. Kila siku unayochelewa inakula kidogo kidogo uso huo.

Kama shafti ni ndefu na huwezi kusafiri nayo nzima, ikate kwa msumeno wa mkono, tena mbali na palipovunjika, shibiri mbili au zaidi. Usikubali ikatwe kwa gesi. Moto wa gesi unabadilisha chuma ndani, na mabadiliko hayo ndiyo hasa tunayokwenda kuyatafuta.

Sasa wanaona nini.

Maabara ya metali ina njia mbili kubwa za kukijua chuma, na wateja wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kemia. Kipande kinapigwa cheche kwenye mashine, mwanga wa cheche unachambuliwa, na baada ya muda mfupi unapata asilimia ya kaboni, manganizi, silikoni, salfa, kromi na vinginevyo. Njia hii inakwambia chuma kimechanganywa nini. Ya pili ni hadubini, na hii inakwambia chuma kimepitishwa wapi: kilipashwa moto kiasi gani, kilipoa haraka au polepole, kilivutwa kikiwa baridi au kilifuliwa kikiwa chekundu. Unaweza kuwa na vipande viwili vyenye kemia ileile kabisa, kimoja kikapinda bila kulalamika na kingine kikakatika kama sahani ya udongo. Kemia haitawatofautisha. Hadubini itawatofautisha mara moja. Ugomvi wa fundi na muuzaji wako unagusa njia zote mbili, lakini uzito wake, kwa maoni yangu, uko kwenye ya pili.

Chuma kwa macho ni kitu kimoja kigumu kisicho na sehemu. Kwa kweli ni mkusanyiko wa punje zilizobanana bila nafasi, na katika chuma cha kawaida cha shafti kila punje ina upana wa makumi kadhaa ya maikromita. Unywele wa mtu una kama 70. Chuma chenye kaboni ya wastani kikipoa polepole kutoka kwenye joto kali, kikishuka chini ya nyuzijoto 727 kinakuwa kimejigawa katika punje za aina mbili. Moja ni feraiti, chuma karibu kitupu, laini, na chini ya hadubini inaonekana nyeupe. Ya pili ni pelaiti, inayoonekana nyeusi au kijivu. Ukiikuza zaidi unakuta si punje ya kitu kimoja, ni matabaka membamba yaliyopangana, tabaka la feraiti na tabaka la sementaiti, yaani mchanganyiko mgumu wa chuma na kaboni. Kaboni karibu yote ya chuma hicho inakaa humo kwenye matabaka.

Hapo ndipo ilipo hesabu itakayokusaidia. Chuma chenye kaboni ya karibu asilimia 0.8 ni pelaiti tupu. Chenye nusu ya hiyo, asilimia 0.4, ni takriban nusu pelaiti na nusu feraiti. EN8 halali ina kaboni kati ya asilimia 0.36 na 0.44, kwa hiyo ikiwa imepoa vizuri kiwandani, picha yake inapaswa kuonyesha weusi na weupe unaokaribia kulingana. Chuma laini cha kawaida, kile cha mageti na madirisha, kina kaboni ya asilimia 0.2 au chini ya hapo, na picha yake ni bahari ya weupe yenye visiwa vya weusi visivyozidi robo. Mtu aliyezoea anaitazama picha moja na kukadiria kaboni kabla majibu ya kemia hayajatoka. Kwa hiyo dai la fundi wako, kwamba uliuziwa feki, linaweza kupimwa. Kata kipande mbali na weldi, mahali ambapo moto wa fundi haukufika, kisha hesabu weusi na weupe.

Elimu hii si ya jana. Henry Clifton Sorby, mtu wa Sheffield, Uingereza, alikuwa ameshaanza kung'arisha chuma, kukigusisha tindikali na kukitazama kwa hadubini mwaka 1863. Kazi yake ilichukua miaka mingi kueleweka. Baadaye Mjerumani Adolf Martens akaendeleza njia hizo, na jina lake likapewa muundo mmoja ambao, nina hofu, ndio utakaokutwa kwenye shafti yako. Unaitwa martensaiti. Nitaufikia.

Kwanza nikueleze kipande kinavyotayarishwa, kwa sababu hapa ndipo kazi nzuri na kazi mbovu zinapotengana, na wewe mwenye kulipa unapaswa kujua unalipia nini. Sehemu inayotakiwa inakatwa kwa jiwe jembamba huku maji yakimwagika muda wote ili isipate moto. Kwa grainda kavu, ile inayotoa cheche na kuacha ukingo wa bluu, kipande kimeshaharibika kabla ya safari kuanza. Kikiwa kidogo, kinazungushiwa plastiki ngumu ili kishikike na kingo zake zisimomonyoke. Kisha inafuata misasa inayolowa maji, ya silikoni kabaidi, kuanzia ya kukwaruza ya namba 120 au 240, halafu 320, 400, 600, hadi 1200. Kila ukibadili msasa unageuza kipande robo duara, na unasugua mpaka mikwaruzo ya msasa uliopita imeisha yote, imebaki ya mwelekeo mpya tu. Anayeruka hatua hapa anajidanganya. Mkwaruzo wa namba 240 uliofichwa utamrudia mwishoni akidhani ni ufa.

Baada ya misasa kuna kitambaa kinachozunguka, kimepakwa vumbi la almasi la maikromita 3, kisha 1. Kipande kinatoka kama kioo, unajiona uso. Na hapo, ajabu, ukikiweka chini ya hadubini huoni punje hata moja, kwa sababu mwanga wote unarudi sawasawa. Chuma hakipitishi mwanga, kwa hiyo hadubini hii inamulika kutoka juu kupitia lenzi ileile unayotazamia, na uso laini unaonyesha weupe mtupu. Hata hivyo hatua hii haipuuzwi: uchafu uliozaliwa na chuma tangu tanurini, kama vile vipande vya manganizi na salfa, unaonekana sasa, kabla ya tindikali, pamoja na nyufa na vitundu.

Ndipo inakuja tindikali. Kwa vyuma vya kaboni hutumika naitali, spiriti yenye asilimia 2 hivi ya tindikali ya naitriki. Kipande kinachovywa sekunde chache. Unatazama kwa jicho, na kile kioo kinafifia, kinakuwa kama kimepumuliwa hewa ya kinywa. Unakitoa, unakisuuza kwa maji kisha spiriti, unakikausha kwa hewa ya moto. Tindikali imekula mipaka ya punje na matabaka ya pelaiti zaidi kuliko feraiti, na sasa mwanga unaporudi, unarudi kwa kutofautiana. Mchongaji wa mpingo anaelewa jambo hili bila kuelezwa: gogo likiwa na magamba ni gogo tu, likishachongwa na kupigwa msasa ndipo kiini cheusi kinajitenga na ule weupe wa pembeni, na nyuzi zinaonyesha mti ulivyokua. (Usijaribu naitali nyumbani. Tindikali na spiriti zikichanganywa na asiyejua, au zikiachwa kwenye chupa iliyofungwa, zinaweza kulipuka.)

Tuje kwenye weldi yako. Fundi anapojaza shafti, matone ya elektrodi, yaani kijiti cha kuchomelea, yanatua yakiwa yameyeyuka, zaidi ya nyuzijoto 1,500, juu ya chuma kinene kilicho baridi. Chuma chini ya tone, milimita moja au mbili au tatu, hakiyeyuki ila kinawaka kupita nyuzijoto 800, na muundo wake wa zamani wa nyeusi na nyeupe unafutika wote. Kisha ule mwili mkubwa wa shafti unainyonya joto sehemu hiyo. Inapoa kwa sekunde, si kwa dakika. Kaboni iliyokuwa imetawanyika haipati muda wa kujipanga tena katika matabaka. Inakamatwa ilipo, na chuma kinajikunja kuwa martensaiti, ambayo chini ya hadubini ni vijisindano vilivyolaliana kwa pembe kali.

Martensaiti ni ngumu sana na haina subira. Kwa kipimo cha ugumu cha Vickers, ambacho kinabonyeza ncha ndogo ya almasi na kupima alama iliyobaki, EN8 iliyotulia husoma kati ya 160 na 220 hivi. Martensaiti ya kaboni hiyohiyo husoma zaidi ya 500, na inaweza kupita 600. Wahandisi wa kuchomelea huanza kushtuka wakiona 350. Ukanda huo mwembamba haupindi, ukilazimishwa unapasuka, na umebanwa kati ya weldi iliyosinyaa wakati wa kupoa na shafti isiyotaka kusinyaa nayo.

Ongeza unyevu. Elektrodi inavuta maji ya hewani, na hewa ya pwani yetu, kuanzia Kilwa hadi mpakani Ruvuma, haina uhaba wa maji. Pakiti iliyofunguliwa na kukaa wiki kwenye rafu ya karakana inapochomwa inatoa hidrojeni, inayozama ndani ya chuma cha moto. Hidrojeni na martensaiti zikikutana chini ya mvuto, ufa unazaliwa, na hauzaliwi palepale. Unaweza kutokea baada ya saa kadhaa, hata siku mbili, wakati fundi ameshakereza, ameshang'arisha na ameshalipwa. Kwa nje shafti ni kioo. Ufa uko chini ya ngozi.

Vijana wengi wa Mtwara waliopita kwenye kazi za bomba la gesi wanajua weldi hupigwa eksirei, kwa hiyo nitaulizwa kwa nini eksirei isitumike hapa. Eksirei inaona palipo wazi: kitundu, takataka iliyonasa, ufa ulioelekea upande unaofaa. Martensaiti haina tundu. Uzito wake unakaribiana kabisa na wa chuma kinachouzunguka, na eksirei inaupita kama haupo. Ndiyo maana kwenye kazi kubwa za mabomba, kabla mchomeleaji hajaruhusiwa kugusa bomba lenyewe, utaratibu wake wa kuchomelea hujaribiwa kwenye vipande vya majaribio vinavyokatwa, kung'arishwa, kutiwa tindikali na kupimwa ugumu hatua kwa hatua.

Sasa tazama madai ya hawa wawili pamoja, maana kuna jambo ambalo huenda hata wao hawajaliona. Karibu yanapingana kiasi kwamba hayawezi kuwa kweli yote mawili. Chuma laini cha kaboni ndogo ni vigumu kukigeuza kuwa martensaiti ngumu kwa weldi ya kawaida, kinasamehe. Kama muuzaji alikudanganya akakupa chuma laini, basi weldi ya fundi haikuwa na cha kuunguza, na chanzo cha kukatika tukitafute kwingine: pengine shafti ilikuwa dhaifu kwa mzigo wa injini yako. Na kama tukikuta martensaiti imejaa kando ya weldi, hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba chuma kilikuwa na kaboni ya kutosha, karibu na alivyosema muuzaji. Kipande kimoja, kikikatwa mahali sahihi, kinawajibu wote wawili.

Iko njia moja ya kuponyoka hapo. Shafti ingeweza kuwa si EN8 wala chuma laini, bali chuma chenye kromi au nikeli, kwa mfano ekseli ya lori iliyokerezwa upya na kuuzwa kama mpya. Vyuma vya namna hiyo vinakuwa vigumu upesi kuliko EN8 na vinahitaji uangalifu zaidi. Ndiyo sababu nasema kemia nayo ifanywe, hata kama hadubini ndiyo yenye neno kubwa.

Kabla hujawaweka watu wawili tu kizimbani, mkumbuke wa tatu. Tazama tena pale palipokatika kwa tochi ya kulaza pembeni, bila kugusa. Kama sehemu kubwa ya uso ni laini, ina mistari ya upinde inayofuatana kutoka sehemu moja ya ukingo, na sehemu ndogo tu iliyobaki ina chembe za kukwaruza, basi shafti haikukatika siku ile. Ilianza kukatika zamani, ikaendelea kidogo kidogo, na siku ya kusi ilimaliziwa tu. Huo ni uchovu wa chuma. Shafti iliyopinda hata kidogo, au injini isiyonyooka na bomba la shafti, au beringi iliyolegea, inaikunja shafti mara moja kwa kila mzunguko. Ikizunguka mara 1,000 kwa dakika ni mara 60,000 kwa saa. Nchi kavu, chuma cha kaboni kina kiwango cha mzigo ambacho chini yake kinaweza kuvumilia mizunguko hiyo pasipo mwisho. Baharini kiwango hicho hakipo. Maji ya chumvi yanaingia kwenye kila kijufa na kukipanua, na mzigo mdogo ambao bara usingedhuru, hapa unaua polepole.

Kama badala yake uso wote umejisokota kuzunguka katikati, hapo fikiria kamba au jarife lililonasa kwenye propela. Hadubini itathibitisha: punje zilizo karibu na mkatiko zitakuwa zimevutwa na kulala upande mmoja, wakati za mbali zimetulia. Hapo fundi na muuzaji wote waachwe.

Ukifika maabara usiseme tu "nipimieni chuma hiki". Utapewa kurasa za namba zisizojibu chochote. Sema unataka kujua mambo matatu: chuma ni cha daraja gani, mpasuko ulianzia wapi na kwa namna gani, na kando ya weldi kuna muundo gani. Omba palipokatika papigwe picha kwanza, pakuzwe, kabla msumeno haujagusa kitu. Kisha kata ya urefu, inayopita kwenye chanzo cha mpasuko ikichukua weldi, ukanda wa moto (ule uliopashwa na weldi bila kuyeyuka) na chuma cha asili katika kipande kimoja. Na kipande kingine cha kulinganishia kutoka mbali na weldi. Katika kile cha kwanza waombe wapime ugumu kwa mstari, kila nusu milimita, kuanzia kwenye weldi kuingia ndani. Mstari huo ukichorwa, mtu asiyejua metali kabisa anaona namba zinavyopanda ghafla na kushuka.

Ripoti utakayopokea iwe na picha zenye mstari wa kipimo ndani ya picha. Kuandika "imekuzwa mara 200" hakutoshi, kwa sababu picha ikipunguzwa kwenye karatasi au simu maneno hayo yanakuwa uongo. Iseme tindikali gani ilitumika na kila picha imetoka sehemu gani ya shafti. Ripoti yenye picha moja nzuri isiyojulikana imetoka wapi haina thamani mbele ya mtu unayedaiana naye.

Kwa kazi hii nzima itakubidi Dar es Salaam. Anza kwa simu kwa maabara za uhandisi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TIRDO (shirika la utafiti wa viwanda) pale Msasani, na TBS Ubungo. Uliza nani kwa sasa anafanya uchunguzi wa kuvunjika kwa chuma pamoja na hadubini na ugumu, na gharama yake. Barabara ni zaidi ya kilomita 500, usipande basi kwa kubahatisha.

Lakini kuna kipimo cha kwanza unachoweza kukifanya hapo Mtwara karibu bure, nami ningekifanya kabla ya kulipa nauli. Tumia kipande kimoja tu. Kile kingine kibaki na mafuta yake, hakiguswi. Nenda karakana yenye msumeno wa kukatia chuma kwa maji, SIDO au VETA wanaweza kukuelekeza, na ukate kwa urefu ule ukingo wa pili wa sehemu iliyojazwa, ule ambao haukuvunjika. Weldi ina kingo mbili na zote zilipata moto mmoja. Sugua uso wa kata kwa msasa hadi uwe laini, kisha chukua tupa kali na uipitishe polepole kutoka chuma cha asili kuelekea weldi. Kwenye EN8 iliyotulia tupa inauma, unaisikia mkononi ikila chuma. Ikifika kwenye martensaiti inateleza, inatoa sauti kali ya juu, na haiachi unga. Halafu inauma tena kwenye weldi yenyewe. Ukisikia huo mtelezo wa milimita mbili kati ya kuuma na kuuma, umeshagusa kwa mkono kile ambacho maabara itakipiga picha. Mwite fundi naye aisikie. Tupa isipoteleza popote haimaanishi fundi ametoka safi, kwa sababu ukanda unaweza kuwa mwembamba mno kwa tupa, ila uzito wa tuhuma unapungua.

Kuhusu nani mkosaji: maabara haitamtaja. Itasema chuma ni cha kaboni kiasi fulani, kwamba mpasuko ulianzia ukingoni mwa weldi kwenye ukanda wenye ugumu fulani, na kwamba uliendelea kwa uchovu. Kutoka hapo hadi kwenye jina la mtu ni kazi yenu, na mara nyingi jibu halimwangukii mmoja. Kwa unavyoeleza, kwamba ilikatika ukingoni kabisa na si katikati ya weldi wala mbali nayo, mimi nauelekea ukanda wa moto. Lakini fundi alijua anachochomelea? Kama muuzaji alitaja EN8 dukani na neno hilo halikufika karakana, fundi alishika shafti akidhani ni chuma laini kama vingine, akaichomelea kama anavyochomelea vingine. Muulize kwa utulivu kama aliipasha moto kwanza, maana shafti iliyopashwa kabla ya weldi hupoa polepole. Jibu lake litakuwa na maana kubwa kuliko kiapo chake.

Shafti mpya usiijaze kwa weldi ikilika. Ni sehemu inayozunguka, inayokunjwa, inayolowa chumvi. Sijui mahali pabaya zaidi pa kuweka weldi. Ibadilishe, au ivalishwe bomba jembamba la kuzuia kulika pale kwenye glandi, lililobanwa bila kuchomelewa. Ikilazimu kabisa kujaza EN8, ipashwe moto hadi karibu nyuzijoto 200 mduara mzima na ibaki na joto hilo muda wote wa kazi, elektrodi ziwe za hidrojeni ndogo zilizokaushwa tanurini siku hiyohiyo, na ikimalizika ifukiwe kwenye majivu makavu ipoe hadi kesho yake. Ukiweza kununua chuma kisichoshika kutu, tafuta daraja la 316, lenye molibdeni ya asilimia 2 hadi 3 inayokisaidia kustahimili chumvi, na usiridhike na sumaku kama kipimo: sumaku haiwezi kutofautisha 316 na 304, daraja la kawaida lisilo na molibdeni hiyo. Hapo ndipo ile mashine ya cheche inapostahili fedha yako, kabla ya kununua. Na kabla ya kuifunga, injini inyooshwe na bomba la shafti boti ikiwa inaelea, siyo ikiwa imepandishwa mchangani, kwa sababu boti ikikaa juu ya mchanga umbo lake si lile la majini.